Shajara ya kipimo cha mto Nyando: sentimita 370 ambazo hazikuwapo

3 Machi

Usiku wa kuamkia leo, saa tisa, kipimo chetu cha kina cha mto kilituma ujumbe kwenye simu kumi na mbili: "KINA SM 370. HAMENI." Kiwango cha hatari tulichokubaliana na wazee ni sentimita 300, kwa hiyo kila aliyeamka aliamini. Maboma manne yalihamisha watoto na mbuzi hadi shule ya msingi iliyo kwenye mwinuko, gizani, matopeni. Mama mmoja alimbeba mama mkwe wake mgongoni. Nilipofika kwa pikipiki kutoka Kondele, Kisumu, kumepambazuka, nilikuta mto umetulia, na ubao wa mistari tulioufunga kwenye nguzo ya daraja unasoma 114.

Mzee wa nyumba kumi hakunifokea. Aliniketisha, akaagiza chai, kisha akasema, "Mwanangu, leo wamekimbia. Mara ya pili watageukia upande wa pili walale." Nimeyaandika maneno yake hapa mwanzoni ili niyakute kila ninapofungua shajara hii.

Kwa asiyelijua bonde la Kano, karibu na Kisumu nchini Kenya: ni tambarare kabisa, na Nyando hushuka kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho. Mvua ikinyesha huko juu, maji huingia majumbani huku chini ambako hata tone halijaanguka. Ndiyo maana watu walikubali kisanduku chetu kifungwe darajani. Nilimwambia Mzee nitarudi na jibu, si na pole peke yake.

4 Machi

Kabla sijabadilisha chochote nilinakili rekodi zote zilizo kwenye EEPROM, ile kumbukumbu ya kudumu ya chipu. Usomaji wa usiku ule umepangana hivi: 114, 114, 370, 114, 115.

Nilichukua karatasi. 370 kutoa 114 ni 256. Si 250, si 260. Ni 256 kamili, yaani mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara nane. Kwenye namba ya biti 16, yaani iliyoandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri au moja, hiyo ni biti moja tu iliyokuwa sifuri ikawa moja.

Sadfa ingewezekana, lakini kila rekodi huhifadhi pia muda wa mwangwi wa sauti kutoka majini kama kihisi kilivyoupokea, kabla ya hesabu yoyote. Rekodi ya saa tisa inasema maikrosekunde 31,088. Gawa kwa 58, kwa kuwa sauti huchukua kama maikrosekunde 58 kwenda na kurudi sentimita moja, unapata umbali wa sentimita 536. Kihisi kiko sentimita 650 juu ya sifuri ya ubao. Toa: 114. Kihisi kilisema kweli. Uongo uliingia ndani ya chipu, kati ya kupima na kutuma.

Nikakumbuka kisa cha Ubelgiji. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Mei 2003, huko Schaerbeek mjini Brussels, mgombea mmoja alipewa na kompyuta kura 4,096 za ziada. Ziligunduliwa kwa sababu hesabu yake ilizidi kura zilizowezekana. 4,096 ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili. Programu ilipokaguliwa haikuonekana na kosa, na maelezo yaliyobaki ni biti moja iliyopinduka yenyewe. Wenzetu walikuwa na kadi za sumaku za kura na watu wa kuzihesabu upya. Huku Kano saa tisa usiku hakuna wa kuhesabu upya.

6 Machi

Siku mbili nimezitumia kujishuku mwenyewe kabla ya kushuku chuma. Chipu yetu, ATmega328P, ni ya biti 8. Namba ya biti 16 inaisoma kwa mafungu mawili ya biti nane, yaani baiti: ya chini kisha ya juu. Intarapti, yaani kazi ya dharura inayoikatiza programu, ikiingia katikati na kuiandika upya namba ile, utasoma nusu ya zamani na nusu ya mpya. Kosa hilo linafanana sana na biti iliyopinduka, na nililikuta kwenye msimbo wangu mahali pamoja. Nimelirekebisha: intarapti zinafungwa kwa muda mfupi wakati wa kusoma.

Hata hivyo haliwezi kuwa ndilo lililohamisha watu. Tangu tufunge kipimo, mto haujawahi kufika 256, kwa hiyo baiti ya juu imekuwa sifuri katika kila usomaji. Ukichanganya nusu mbili ambazo zote zina sifuri juu, huwezi kupata moja.

8 Machi

Nimepata, na ni kosa la muundo wangu.

Chipu inakwenda kwa megahezi 16, yaani mapigo milioni 16 kwa sekunde, kama ilivyo kwenye bao nyingi za kielektroniki za kujifunzia, na nilikopi bila kufikiri. Bao zile hupewa volti 5. Sisi tumeiunganisha moja kwa moja na betri ya lithiamu, volti 4.2 ikijaa na 3.7 hivi kwa kawaida, kwa kuwa moduli ya GSM, ile inayotuma ujumbe kwenye simu, nayo inataka volti za aina hiyo. Jedwali la watengenezaji linasema wazi: hadi megahezi 20 ukiwa na volti 4.5, hadi megahezi 10 ukiwa na 2.7. Katikati kuna mstari ulionyooka. Ukiufuata, megahezi 16 zinataka kama volti 3.8. Maana yake tumekuwa tukiishi ukingoni siku zote, hata hali ya hewa ikiwa shwari.

Halafu moduli ya GSM inapotuma, huvuta mkondo kwa mipigo mifupi inayoweza kufika ampea 2. Dada ninayefanya naye kazi aliazima oskiloskopu, tukaitazama volteji ikizama kila mpigo: kutoka 3.8 hadi karibu 3.1, ikapanda, ikazama tena. Kichakataji kikinyimwa umeme kiasi hicho hakizimi. Kinaendelea kufanya kazi na kukosea hesabu. Kuna kinga ndani ya chipu ambayo ingekizima umeme unapopungua, lakini mimi niliizima mwezi Januari ili kuokoa betri.

Marekebisho: mwendo umeshushwa hadi megahezi 8, ambazo ni salama hadi volti 2.7. Kinga ya umeme mdogo imewashwa kwenye volti 2.7. Kapasita ya maikrofaradi 1,000, ya kuweka akiba ya umeme kwa ajili ya mipigo ile, imelehemiwa mlangoni mwa moduli ya GSM, kwa nyaya fupi na nene.

10 Machi

Jioni nilisema tumemaliza. Dada akauliza, "Umeziba tundu lililokuuma. Yale ambayo bado hayajauma je?"

Ana haki. Chuma kina njia nyingi za kukosea. Mwaka 1979 Timothy May na Murray Woods wa Intel walichapisha ugunduzi wao kwamba chembe za alfa, zinazotoka kwenye masalio ya urani na thori ndani ya vifuniko vya chipu zenyewe, hupindua biti za kumbukumbu. Kutoka angani huja neutroni, zinazozaliwa miale ya anga za mbali inapogonga hewa yetu. Ukipanda juu zinaongezeka, kwa hiyo Nakuru inapata zaidi ya Kisumu, ingawa hapa ikweta usumaku wa dunia hutukinga kuliko walio karibu na ncha. Kwa RAM yetu, kumbukumbu ya muda, ya baiti 2,048 nafasi ya neutroni kugonga mahali pabaya ni ndogo mno, na sitaki kumdanganya mtu kwamba nyota ndizo zilituamsha. Ninachokihofia mimi ni radi za jioni zinazotoka ziwani, waya wa mita nne unaokwenda kwenye kihisi, unyevu, na betri inayozeeka.

Zote hizo zikifika ndani ya programu zinafanana: namba imegeuka na hakuna aliyetoa taarifa. Kwa hiyo tumeamua programu yenyewe ijifunze kujitilia shaka. Hatuna fedha za chipu mbili au kumbukumbu inayojirekebisha. Tunayo nafasi ya bure ndani ya baiti 32,768 za fleshi, kumbukumbu inayobeba programu, na dakika kumi kati ya usomaji mmoja na mwingine.

12 Machi

Leo sikuandika msimbo hata mstari mmoja. Nilikaa na kalamu nikauliza: kina kikiwa 114 na biti moja ikapinduka, nini kinatokea? Ziko 16, nikazipindua zote moja baada ya nyingine. Nane za chini hazifikishi 300. Kubwa kabisa inatoa 242. Nane za juu zote zinapiga kengele: 370, 626, 1,138 na kuendelea. Yaani nusu ya ajali zote za biti moja zinawakimbiza watu.

Kinga ya kwanza ni akili ya kawaida. Ubao wetu unaishia 600, basi chochote zaidi ya hapo ni upuuzi. Saba kati ya zile nane zinaanguka hapo hapo. Inabaki 370, ile ile iliyotuumiza. Hiyo inaangushwa na kasi: Nyando haiwezi kupanda sentimita 256 kwa dakika kumi. Ningekuwa na mistari miwili hii tarehe 3, yule mama asingembeba mkwewe.

Lakini nilipohamia kwenye mto uliojaa, akili ya kawaida iliniacha njiani. Kina kikiwa 280, biti ya thamani 32 ikiwaka unapata 312. Ni kengele ya uongo, na kupanda sentimita 32 siku ya mafuriko kunaaminika. Kibaya zaidi: kina cha kweli kikiwa 304, biti ya thamani 16 ikizimika unasoma 288. Namba nzuri, tulivu, yenye kuaminika, na maji yanaingia nyumbani mwa watu waliolala kwa sababu kipimo hakikuwaamsha.

Kosa la tarehe 3 lilipiga kelele. Hili la 288 ndilo lililoninyima usingizi leo.

17 Machi

Njia ya kwanza naiita pacha. Kila namba muhimu inahifadhiwa mara mbili: yenyewe, na kinyume chake biti kwa biti. Kabla ya kuitumia unazilinganisha, na zisipopatana unajua. Nimetumia kinyume badala ya nakala ya kawaida kwa sababu kuna ajali zinazofuta eneo zima liwe sifuri tupu au moja tupu. Nakala mbili zilizofutwa sawasawa zingepatana kwa furaha, kinyume hakipatani.

Niliandika, nikajaribu, nikapindua biti kwa mkono, na programu haikugundua kitu. Mchana mzima. Mwisho nikafungua lugha ya mashine iliyotoka kwenye kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo wetu kwa ajili ya chipu: ulinganisho haumo. Umefutwa! Kompaila iliona nimeandika kinyume cha kina sasa hivi, ikajiridhisha kwamba kulinganisha ni kazi bure kwa kuwa jibu linajulikana, ikauondoa ili programu iwe nyepesi. Kwa upande wake iko sahihi. Kompaila huamini chuma hakikosei, na kila kinga tunayoiandika hapa imesimama juu ya shaka kwamba kinakosea.

Dawa ni neno volatile kwenye namba zote mbili, ili kompaila ilazimike kuzisoma upya kutoka kwenye kumbukumbu kila mara. Tangu leo ni sharti la mradi: kila kinga mpya, lazima mmoja wetu aisome kwenye lugha ya mashine na kuandika hapa kwamba ameiona kwa macho. Atakayeiga kazi yetu, aanzie hapo.

Wapo waliofanya kompaila ifanye kazi ya kupachisha yenyewe. Chuo Kikuu cha Stanford walitoa EDDI mwaka 2002, ambayo hurudia kila amri kwa rejista (vihifadhi vidogo ndani ya kichakataji) na kumbukumbu nyingine kisha ikalinganisha. Princeton wakafuata mwaka 2005 na SWIFT, iliyo nyepesi zaidi kwa sababu hairudii kumbukumbu. Huchukulia kwamba kumbukumbu ina kinga yake ya chuma. Yetu haina. Kwa hiyo moyo wa njia yetu uko karibu na EDDI, ila tunapachisha kwa mkono na kwa namba chache tu zenye maisha ya watu ndani yake.

20 Machi

Pacha hutambua kosa ila hawezi kusema nani kati yao ni mwongo. Kwa kina cha maji hilo si tatizo, tunapima tena. Kwa kiwango cha hatari na namba za simu hakuna cha kupima tena. Hapo tumeweka nakala tatu na kura ya wengi, biti kwa biti:

(a & b) | (b & c) | (a & c)

Wazo la kura ni la zamani: John von Neumann aliliandika mwaka 1956, akitaka kujenga mashine ya kuaminika kwa sehemu zisizoaminika. Mambo mawili tuliyojifunza kwa vitendo. Nakala zisiwe jirani, kwa sababu andiko moja lililopotoka hufuta majirani wote pamoja. Zetu ziko mwanzo, katikati na karibu na mwisho wa eneo la data. Na baada ya kura, aliyeshindwa lazima aandikwe upya hapo hapo. Ukimwacha, siku nyingine nakala ya pili nayo itaharibika, na waongo wawili watakuwa ndio wengi.

24 Machi

Kazi ndogo: hali ya kengele ilikuwa 0 kwa kimya na 1 kwa hatari. Biti moja inatenganisha usingizi na kukimbia! Sasa ni 0x5A na 0xA5, yaani 01011010 na 10100101, ambazo zinatofautiana kwa biti zote nane. Thamani nyingine yoyote inahesabiwa kuwa imeharibika.

2 Aprili

Juma zima kwenye njia ya programu. Data ikiwa salama bado kichakataji kinaweza kuruka hatua: anwani ya kurudi, inayoonyesha programu iendelee wapi ikimaliza kazi ndogo, ikiharibika, programu inaangukia katikati ya kazi nyingine na kuendelea kama hakuna lililotokea. Mfano wa kutisha ni kuangukia moja kwa moja kwenye mstari wa kutuma onyo.

Tulichofanya ni kama mihuri ya mpakani Busia. Kila hatua (amka, pima, kokotoa, hakiki, amua) inagonga muhuri wake, na hatua ya kutuma inakagua kabla ya kufungua njia. Watafiti wale wale wa Stanford walikuwa na CFCSS, inayoweka saini kwa kila kipande cha msimbo. Yetu ni ndogo zaidi lakini ina fikra hiyo. Mwanzoni nilijumlisha mihuri tu, dada akanionyesha kwamba jumla haijali mpangilio: kupima baada ya kuamua kunaleta jumla ile ile. Sasa muhuri wa zamani unazidishwa kwa 31 kisha mpya unaongezwa, na ukibadilisha mpangilio hesabu inavunjika.

Muhuri ndio pia unaomlisha mlinzi. Chipu ina saa ya ulinzi: usipoigusa kabla muda haujaisha, inaiwasha mashine upya. Wengi huiweka iguswe ndani ya intarapti ya saa. Nami nilikuwa hivyo. Ni kosa, kwa maana programu kuu inaweza kufa huku intarapti ikiendelea kumwambia mlinzi kwamba nyumba i salama. Sasa inaguswa mahali pamoja tu, na mihuri ikiwa kamili.

Mawili yametusumbua. Muda mrefu kabisa wa saa hiyo ni sekunde 8, na kusubiri mtandao wa simu huchukua zaidi. Ikabidi kusubiri kugawanywe vipande vifupi, kila kimoja na muhuri wake. La pili: mlinzi akishaiwasha chipu upya, saa hubaki inafanya kazi, tena ikiwa na muda mfupi kuliko wote, kama milisekunde 16. Programu yangu ilichelewa kuizima, ikawa inaanguka, inainuka, inaanguka. Sasa amri za kwanza kabisa, kabla ya chochote, zinafuta alama ya kuanguka na kuizima saa.

5 Aprili

EEPROM. Kila seli inavumilia maandiko 100,000. Tunaandika kila dakika kumi, mara 144 kwa siku. Seli moja ingechoka kabla ya miaka miwili. Rekodi ni ya baiti 16, kumbukumbu ni baiti 1,024, basi tunazunguka nafasi 64.

Kila rekodi inafungwa kwa CRC ya biti 16, namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na rekodi yenyewe. Inakamata kila kosa la biti moja, na kila mfululizo wa biti zilizoharibika usiozidi 16. Nilikosa jambo moja ambalo majaribio yalinifunulia: ukianza hesabu ya CRC na sifuri, rekodi yenye sifuri tupu inatoa CRC ya sifuri na inapita kama halali. Kwa hiyo tunaanza na 0xFFFF, yaani biti zote 16 zikiwa moja. Na kwa kuwa kuandika baiti moja huchukua kama milisekunde 3.3, rekodi nzima ni zaidi ya milisekunde 50, muda wa kutosha kwa betri kuzima katikati. CRC inaandikwa mwisho. Rekodi isiyotimia inatupwa na ya kabla yake inashika nafasi.

9 Aprili

Tumeanza kuishambulia. Dada ameandika amri ya siri inayopokelewa kwa waya: anwani na namba ya biti, na chipu inaipindua biti hiyo yenyewe. Kompyuta ndogo mezani inapita biti baada ya biti na kuandika matokeo.

Kwenye kina na pacha wake, biti 32, hakuna hata moja iliyopita bila kuonekana. Kwenye nakala tatu za kiwango, zote zilirekebishwa. Kwenye rekodi, biti zote 128 zilikamatwa. Haya nilitarajia, hesabu inayadai.

Nilipolala na wasiwasi ni kwenye rundo la anwani za kurudi. Nyingi za hizo zilimwamsha mlinzi, chache zilisimamishwa na mihuri, na nyingine hazikufanya lolote kwa kuwa nafasi ile haikuwa inatumika. Lakini kuna mahali pamoja ambapo biti iligeuka baada ya ulinganisho na kabla ya matumizi: kina kimeshahakikiwa, kimewekwa kwenye rejista, kinasubiri kugeuzwa kuwa herufi za ujumbe. Ujumbe ulitoka na namba ya uongo. Pacha walikuwa wamepatana sekunde moja kabla.

14 Aprili

Ufa huo hauzibiki kwa kuongeza ulinganisho, kwa maana baada ya kila ulinganisho kuna muda mwingine mfupi kabla ya matumizi. Unaweza kuufinya tu. Tumeufinya kwa njia mbili.

Kwanza, umbali unakokotolewa mara mbili kwa hesabu tofauti: mara ya kwanza kwa kugawa kwa 58, mara ya pili kwa kuzidisha kwa 1,130 na kusogeza biti 16 kulia, ambayo ni karibu kabisa na kitu kile kile. Tofauti ya sentimita moja inaruhusiwa. Kurudia amri zile zile hakusaidii ikiwa kosa ni la kudumu. Njia mbili tofauti zinasaidia. Niliwahi kufikiria ile misimbo ya AN, ambapo kila namba huzidishwa kwa namba maalumu na kukaguliwa kwa kugawa, lakini chipu hii haina chombo cha kugawa na programu ilipungua kasi mno.

Pili, muda. Onyo halitoki kwa usomaji mmoja. Kipimo kinajizima, kinajiwasha na kumbukumbu safi, kinapima upya baada ya dakika tatu, na ujumbe mzima unaundwa mara ya pili. Jumbe mbili zikipatana ndipo inatuma. Zisipopatana haitumi 370 wala 114. Inatuma: "SIJUI. TAZAMENI MTO."

Hilo nisingeliamua peke yangu. Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, tukakaa chini ya mwembe, wazee, akina mama na vijana wa bodaboda. Nilieleza yote, pamoja na kosa langu la betri. Kijana mmoja akauliza kama dakika tatu hazitamwua mtu. Mzee akamjibu, "Maji ya Nyando huyasikia kabla hujayaona. Dakika tatu tunazo. Imani ndiyo tuliyopoteza." Mama aliyembeba mkwewe aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Kikisema sijui, nani ataenda kutazama?" Walipanga zamu wenyewe, maboma sita, na tochi moja ya kuchaji nimeinunua mimi.

21 Aprili

Kipimo kimerudi darajani. Jioni radi ilipiga upande wa ziwa, ikasogea. Rekodi zinaonyesha mlinzi aliiwasha chipu upya mara moja saa kumi na mbili na dakika kadhaa, wakati wa radi, na kura ya watatu ilirekebisha nakala moja ya namba ya simu. Ni nini hasa kilichoigusa, radi au betri, rekodi haisemi. Simu zote kumi na mbili zilipata ujumbe wa kawaida wa asubuhi: 131.

26 Aprili

Saa nane usiku ilituma SIJUI kwa mara ya kwanza. Aliyekuwa zamu alikuwa yule mama. Alitembea hadi darajani na tochi, akausoma ubao, akanipigia: "Mwanangu, ni 187. Nimeandika kwenye daftari. Watu wamelala."

Nilifika asubuhi nikiwa tayari kuwinda biti. Rekodi ziliniambia vingine: miangwi miwili ghafi ilitofautiana yenyewe, kabla ya hesabu, kwa namba isiyofanana na biti yoyote. Nilipanda ngazi. Buibui amefuma utando mbele ya kihisi, na umande umeujaza. Nimeufuta, nikapaka mafuta kidogo kwenye ukingo, na nimemwomba Mama daftari lile nilinakili. Katika ukurasa wake ameandika saa, kina, na mstari mmoja zaidi ambao kipimo changu hakina mahali pa kuuweka: maji ni mekundu, mvua imenyesha juu.

Kesho tunaongeza nafasi ya kupokea usomaji wa mtu kwa simu, uingie kwenye rekodi kama kura nyingine.